Alisema Taabani

Jumatatu, 8 Machi 1954

Daftari jipya. La zamani limeliwa na mchwa, maandishi ya mwaka mzima! Mabaki yake mke wangu Ruthi kawashia moto.

Foleni ya wagonjwa hapa dispensari leo ilifika hadi kwenye reli ya toroli. Watu arobaini na saba. Mvua hizi zimewatoa wote — vikohozi, macho, vidonda vya miiba ya mkonge. Mnyapara wa kambi namba tatu alisimama mlangoni pangu tangu saa kumi na mbili, anawahesabu watu wake kama mbuzi. Amri ya Meneja wa shamba ni ile ile: wa kupumzika wasizidi watano kwa siku, na kila mmoja awe na homa inayoonekana kwenye kipimajoto. Watano wangu walikwisha mapema.

Wa arobaini na nne alikuwa yule Mpemba, Hija, mkata mkonge. Mkewe kamleta. Hana homa. Kakaa chini, si kwenye benchi. Nimempa aspirini mbili, nimemrudisha kazini.

Nimechoka mimi pia! Nani atanipa mimi siku ya kupumzika?

Jumanne, 9 Machi

Hija amefariki. Saa nne asubuhi, katikati ya mistari ya mkonge. Siwezi kuandika.

Jumatano, 10 Machi

Niandike basi.

Walimleta kwa toroli, juu ya majani ya mkonge aliyoyakata mwenyewe. Nilikimbia kandokando ya reli nimemshika kifundo cha mkono, natafuta mapigo. Hakuna.

Daktari huja hapa Alhamisi tu, lakini jana alipigiwa simu Pangani, akavuka kwa pantoni, akafika adhuhuri. Kitu cha kwanza alichofanya, alimfunua kope ya chini, akatazama ndani. Nyeupe. Nyeupe kama karatasi hii! "Safura," kasema. "Ya siku nyingi. Damu imekwisha, moyo umeshindwa."

Safura haileti homa. Inaleta uchovu. Nilifundishwa hayo Bumbuli mwaka wa kwanza wa kusomea udresa, uganga huu wa dispensari: mtu akija hana homa na hana nguvu, mfunue kope. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Sikumfunua.

Daktari kauliza, alikuja kwako? Nikasema alikuja, jana. Alisema anaumwa nini? Nikafungua kitabu cha wagonjwa. Kinaandikwa Kiingereza, maana wanaokisoma ni yeye na Meneja. Namba 44, jina, kambi, joto la mwili, na mwisho pale pa shida ya mgonjwa. Hapo pana neno moja la Kiingereza, herufi tano, maana yake amechoka. Mwandiko wangu. Daktari kasoma, kaniangalia, kafunga kitabu. Afadhali angenitukana.

Kazikwa jana hiyo hiyo alasiri. Nilisimama mbali, pamoja na wengine tusio wa dini yao. Wanaume waliporudi kutoka makaburini nikasikia sauti ya mkewe, Mwatum, kutoka ndani kwa wanawake: "Kamwambia taabani! Kamwambia mara mbili, nami nipo!"

Kweli. Nilimuuliza unaumwa nini, akasema, "Taabani, bwana dresa." Nikauliza, "Umechoka?" Akanitazama. Akasema tena, polepole, "Taabani." Nikaandika.

Mimi ni Mshambaa, mtu wa milimani. Kiswahili changu ni cha shule na misheni. Taabani ni kuchoka sana. Si ndivyo? Ndivyo ninavyojua mimi.

Ijumaa, 12 Machi

Meneja kaniita ofisini. Nilikwenda nikijua ni kufukuzwa. Kanipa kiti! Tangu nimekuja shamba hili mwaka wa arobaini na tisa sijawahi kukaa kwenye kiti cha ofisi ile.

Mezani palikuwa na kitabu changu cha wagonjwa, na kando yake kamusi nene. Kaniambia serikali imeamuru uchunguzi wa kifo. Utafanyika Tanga, mbele ya hakimu. Mwatum kawaambia polisi kwamba mumewe alimwambia dresa yu mahututi, dresa akamrudisha kazini. Basi Meneja kaweka kidole kwenye kamusi, kacheka. "Hii neno natoka Arabu," kasema. "Arabu nasema taabani, iko choka tu. Hapana gonjwa. Wewe naandika sawasawa kabisa."

Nikasema ndiyo, Bwana. Nikatoka.

Abrahamu, karani wetu, alikuwa ananingoja nje kwenye kivuli cha ghala la singa, nyuzi za mkonge. Ni rafiki yangu, ndiye aliyembeba binti yangu Dorkasi siku ya ubatizo. Kanishika bega. Kasema neno hilo limetuokoa sote, na mimi wa kwanza. "Fikiri, Asheri. Wakisema ni neno la ugonjwa, swali la pili ni nani aliyempeleka kazini. Si Meneja. Meneja hakumwona. Mnyapara si daktari. Nani amebaki?"

Nimebaki mimi.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani sikukalika. Wimbo wa tatu nikatoka, Ruthi kanifuata kwa macho. Nikaenda dispensari, nikafungua, nikafunga, nikafungua tena. Nikatoa kitabu, nikahesabu. Tangu Januari lile neno la herufi tano nimeliandika mara mia na tatu.

Mia na tatu! Nikajilazimisha kukumbuka walivyosema wenyewe. Mmoja alisema ana mavune. Mwingine, viungo vimekatika. Mwingine, mwili umenyong'onyea. Yule mzee wa korona, mashine ya kutoa singa, anayeilisha majani, alisema, "Niko hoi." Mwanamke mmoja wa kwenye uanikaji hakusema lolote, aliniwekea mikono mezani tu. Wote nimewatia katika neno moja. Ni fupi, linaingia vizuri kwenye nafasi.

Jumatano, 17 Machi

Siku tatu sasa namfunua kope kila anayefika mbele yangu, hata aliyekuja na jino. Leo wenye kope nyeupe ni tisa. Tisa, siku moja, kambi mbili! Nimewaandika safura wote, nimewapa dawa ya minyoo na ya damu, nimesema wapumzike. Mnyapara kapiga kelele kwamba amri ni watano. Nikamwambia akalete toroli basi. Kaondoka mlangoni.

Meneja katuma ujumbe kwa mkono wa Abrahamu: dresa asijitie udaktari.

Ruthi hajaniuliza kitu tangu mazishi. Anapika, anafua, anamfundisha Dorkasi kusoma.

Jumamosi, 20 Machi

Nimekwenda Pangani. Nilimwambia Ruthi nafuata bandeji. Uongo — bandeji zipo.

Nilimtafuta Mzee Mbaruku, mwenye duka la mchele na nguo karibu na soko. Baba yake Mwarabu wa Kishihiri, yeye mwenyewe anasoma Kiarabu kama mimi ninavyosoma Biblia. Nilitaka mtu wa asili ya neno lenyewe anithibitishie, niende nyumbani nilale kama watu.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba, dresa. Nimesikia habari zako. Kaa. Hata Meneja wako kaleta gari hapa juzi, anataka nikaseme kortini neno hili kwa Kiarabu ni nini."

"Ni nini?"

"Ni kuchoka," kasema. "Huko Arabuni mtu akitoka sokoni na mzigo wake husema hivyo, akanywa kahawa, akainuka. Neno jepesi. Hata mtoto aliyecheza sana husema."

Nilitaka kumbusu mkono! Nikashukuru, nikainuka. Kanizuia.

"Sijamaliza. Mimi nimezaliwa hapa Pangani. Mama yangu Mzigua. Kiarabu nimefundishwa na baba kwa fimbo, Kiswahili nimenyonya. Mama akirudi kwa jirani akasema fulani yu taabani, sisi tulikuwa tunavaa kanzu, tunakwenda kumwona, maana kesho huenda hatumkuti. Hakuna aliyesema, basi mpeni kahawa." Kapanga vitambaa vyake, vilivyokwisha kupangwa. "Watu wa hapa walilichukua neno kwetu, wakalitia uzito wao. Sasa ni lao. Ukitaka kujua Hija kasema nini, kwa nini uulize Arabuni? Hija kafika Arabuni lini?"

Nikamwomba: basi useme hivyo hivyo kortini, yote mawili.

Kasita. Shamba letu linanunua mchele wake, tangu zamani. "Wakiniuliza Kiarabu," kasema, "nitajibu Kiarabu. Wakiniuliza Kiswahili, nitajibu Kiswahili."

Kwenye pantoni kila mtu aliketi. Mimi nilisimama njia nzima, natembea huku na huku, mpaka mwenye pantoni kanifokea nitawatosa.

Jumapili, 21 Machi

Sijui nianzeje.

Baada ya ibada nikamwambia Ruthi. Nilimwambia nusu. Nilisema Mzee Mbaruku, msomi wa Kiarabu, kathibitisha: taabani asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuchoka. Kwa hiyo nimeandika sawa. Kwa hiyo sina kosa. Nusu ya pili ya Mzee Mbaruku sikuitoa.

Alikuwa anachambua mchele. Kauweka ungo chini. Kasema, "Baba Dorkasi, ngoja."

Kaingia ndani, karudi na Biblia yake, katoa katikati yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Barua yangu. Ya mwaka juzi, Juni, yeye yuko kwao Muheza kwenye matanga ya mama yake, mtoto nimebaki naye mimi hapa. Nilikuwa nimeisahau. Mungu ni shahidi, nilikuwa nimeisahau!

Mistari miwili. *Dorkasi taabani. Njoo upesi.*

"Unakumbuka nilikujaje?" kasema Ruthi. "Niliipata saa sita mchana. Sikuaga watu. Sikubeba hata kanga ya kubadili. Nilipanda lori la mkaa mpaka Pangani, na toka kwenye pantoni nimekuja kwa miguu mpaka hapa Mwera. Ungeniandikia mtoto amechoka, ningemaliza matanga ya mama yangu."

Dorkasi alikuwa nje anaimba, anaruka kamba.

"Sikwambii ukaseme nini Tanga," kasema. "Hiyo ni kazi yako. Nakwambia tu usinidanganye mimi."

Kachukua ungo, kaendelea na mchele.

Basi. Naandika hapa ambapo hatasoma mtu. Nililijua lile neno. Nililijua Jumatatu ile, nikiwa na kalamu mkononi. Nilimsikia, nikaelewa, ndiyo maana nikamuuliza "umechoka?" — nilitaka anipe neno jepesi. Hakunipa. Kalirudia lake. Nikaandika langu.

Kwa nini? Watano walikuwa wamekwisha. Mnyapara mlangoni. Watatu bado wako nyuma yake. Hakuna homa. Hayo tu! Hakuna kingine. Natafuta sababu kubwa zaidi sioni.

Jumatatu, 22 Machi

Foleni hamsini na mbili. Sikumwangalia mtu usoni. Kope tu.

Alhamisi, 25 Machi

Samansi, hati ya kuitwa kortini, imefika. Jumanne tarehe sita Aprili, saa tatu, Tanga. Askari kanisomea kwa sauti mbele ya foleni nzima, kana kwamba sijui kusoma.

Daktari kaja leo, zamu yake. Kakuta majina ya safura, sasa thelathini na moja. Kapitia moja moja, kafunua kope mwenyewe. Kasema, vizuri. Halafu kasema, kwa sauti ya chini, "Ungeanza wiki moja mapema." Hakusema kwa ukali. Nimekunywa maji vikombe vinne.

Jumamosi, 27 Machi

Abrahamu kaja nyumbani, na kanzu ya kanisani, kama mshenga. Kaongea na Ruthi habari za mvua, mahindi, mchungaji mpya. Ruthi alipotoka kaniambia aliyotumwa. Mambo yakienda vizuri Tanga, shamba litajenga hospitali ndogo ya vitanda sita, na mimi ndiye nitakayeisimamia. Yakienda vibaya, nyumba hii ni ya shamba. Ninajua hilo. Kila msumari wa nyumba hii ni wa shamba.

"Vitanda sita, Asheri! Utaokoa wangapi? Huyu mmoja kesha kufa."

Hilo ndilo linalonizungusha. Si uongo wote! Vitanda sita ningevipata, ningeokoa watu. Nimezunguka nyumba mara ngapi sijui. Jirani kauliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 31 Machi

Kuna maneno kambini kwamba Hija alikuwa mvivu. Mnyapara ndiye anayeyaeneza. Kwamba alijilaza kwenye mstari ili apate siku ya kupumzika, jua likamwua. Leo watu wawili wamesema hivyo kwenye foleni yangu, wanacheka. Nikawaambia wanyamaze. Mmoja kasema, "Si wewe uliyeandika kachoka tu?"

Jumatatu, 5 Aprili. Tanga.

Tumekuja kwa basi, mimi na Abrahamu. Yeye amefikia kwa ndugu zake Usagara, na mimi nilitakiwa niwe naye. Niliweka mzigo, nikasema nanyoosha miguu. Miguu imenipeleka Ngamiani.

Kaka yake Hija, Hamad, ni fundi baiskeli huko, kila mtu anamjua. Nilimkuta amechuchumaa, gurudumu mapajani. Nikamwambia mimi ni nani. Kapangusa mikono, kasema, "Karibu ndani, bwana." Karibu! Nilitamani anifukuze.

Mwatum yuko eda hapo kwa shemeji yake, haonani na wanaume wa nje. Nilikaa ukumbini na Hamad, Mwatum yuko chumbani, mlangoni pazia. Niliona vidole vya miguu tu chini ya pazia, basi nikaangalia ukutani. Kanisalimia. Kauliza mke wangu hajambo, mtoto hajambo. Ikabidi nianze mimi, nami sikuwa nimepanga la kusema. Nikasema nimekuja kutoa pole.

"Pole nimeipokea," kasema. "Lakini hukuja kwa pole, bwana dresa. Wauliza nini?"

Nikauliza lile neno. Kwao Pemba, mtu akisema taabani, ana maana gani?

"Kwetu ni kama kwenu," kasema. "Neno hili wewe walijua. Nilikuona macho yako siku ile."

Hamad kasogeza kiti, kakohoa. Mwatum kaendelea, sauti haikupanda wala haikushuka.

"Nimeolewa na Hija miaka kumi na moja. Kuchoka alikuwa akichoka kila siku. Hasemi. Yuaja, yuakaa pale, yuala, yualala. Nikimuuliza umechoka, husema, mwanamme ataachaje kuchoka? Neno lile sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Siku ile asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya shati, nikamfungia mimi. Njia nzima hakusema. Kaja kulisema mbele yako. Kaliweka kwako. Mara mbili."

Nikasema, "Bi Mwatum, unataka niseme nini kesho?"

"Watu wasema mume wangu mvivu. Wasema kajilaza. Wewe ulimsikia ama hukumsikia? Ni hilo tu."

Nikasema nitasema kesho.

"Kesho si mimi utakayeniambia," kasema.

Hamad kanisindikiza hadi barabarani. Huko kasema jambo moja tu, kwamba yeye mwenyewe hana elimu, lakini kila siku mtu humletea baiskeli akisema haina kitu, inasumbua kidogo, na yeye huikagua yote. Kanipa mkono. Ulikuwa na grisi, na wangu sijaufuta mpaka sasa.

Jumanne, 6 Aprili. Tanga, nje ya korti.

Saa saba na robo. Tumepewa mapumziko hadi saa nane. Naandika kwenye benchi la barazani, daftari gotini. Nisipoandika nitaondoka kwa miguu mpaka Muheza.

Daktari alianza. Safura, damu, moyo. Mnyapara akafuata: alikuwa amechoka, kama wote. Maelezo ya Mwatum yakasomwa. Halafu Mzee Mbaruku, kilemba kipya. Wakili wa shamba kamuuliza, neno hili ni la lugha gani? Kiarabu. Maana yake kwa Kiarabu? Kuchoka. Mzee kafungua mdomo aongeze, wakili kasema ahsante, inatosha. Mzee kashuka. Alipopita kwangu kasema chini chini, "Wameniuliza Kiarabu." Hakunitazama.

Halafu mimi. Nikaapa. Wakili mpole kabisa! Huu mwandiko ni wako? Ndiyo. Marehemu alisema neno ambalo asili yake ni kuchoka, nawe ukaandika amechoka. Ni tafsiri sahihi, sivyo?

Meneja alikuwa mstari wa mbele, ananitikisia kichwa kama mwalimu anayempa mtoto jibu.

Nikasema, "Hakusema Kiarabu."

Mkalimani kasimama. Kaniomba nirudie. Nikarudia. "Hakusema Kiarabu, Bwana Hakimu. Alikuwa Mpemba, alisema Kiswahili, nami nilimsikia kwa Kiswahili."

Hakimu kaweka kalamu chini. Kwa Kiswahili basi ni nini? Nikasema ni mtu wa kubebwa. Mtu ambaye ukimwacha peke yake utamkuta amekufa. Mkalimani kaanza kutafsiri, kakwama, kaanza tena kwa neno lingine, kakwama. Watu nyuma wakaanza kumsaidia kwa sauti, kila mtu na lake! Askari kawanyamazisha. Mwisho hakimu kasema neno liandikwe kama lilivyosemwa, lisitafsiriwe.

Kisha kaniuliza mwenyewe, polepole, mkalimani akimfuata: "Hayo uliyajua siku ile ya tarehe nane Machi? Au umeyajua baadaye?"

Wakili kasimama haraka, kapinga. Wakabishana kwa Kiingereza kikali, sikukifuata chote. Hakimu kaangalia saa. Kasema jibu atalisikia baada ya chakula.

Basi ndipo nilipo. Nimekwenda bombani mara tatu. Hamad amekaa upande wa pili wa baraza, hajala, ananitazama kama mtu anayengoja basi. Meneja kaondoka na gari, uso mwekundu.

Abrahamu kaniletea andazi kwenye karatasi. Kaketi, kaongea mdomo karibu na sikio langu. Bado hujaharibu, kasema. Sema baadaye. Neno moja tu, "baadaye". Wewe Mshambaa, Kiswahili cha pwani umejifunzia kwenye mkasa huu, nani atakupinga? Ukisema ulijua, ndugu yangu, hapo huwi shahidi tena. Sijui utakuwa nani.

Nilimrudishia andazi. Nikatoa mfukoni funguo za dispensari, zote tatu, nikamtia mkononi. Kauliza za nini? Nikamwambia kesho asubuhi foleni itakuwepo, amwombe Daktari mtu mwingine, na mtu huyo aambiwe kila anayekuja amfunue kope. Kaniangalia, macho yamemjaa maji. Kaniita mjinga. Hakuzirudisha.

Karani wa korti katoka sasa hivi, mtu mzima mwenye miwani, Mdigo kwa matamshi yake. Ana karatasi ya ushahidi, wino bado mbichi. Ananiuliza taabani mwanzoni aandike a moja au mbili, maana yeye hajawahi kuliandika, huku kila kitu ni Kiingereza. Nikamwambia mbili. Kaandika pale pale, karatasi kaiegemeza ukutani, kaipuliza karatasi, kaniuliza kama ndivyo. Nikasoma. Ndivyo.

Kengele. Hamad amesimama. Wameita jina langu.

Wameita tena.